Tabibu wa Macho Aliyewapa Vivuli Maneno

Neno kikaragosi twalitumia kila siku. Tukimwona mtu hana shauri lake mwenyewe, anaendeshwa na mwingine aliye nyuma yake, twamwita kikaragosi. Wajuzi wa lugha hulinasibisha neno hili na Karagöz, mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli wa Waturuki. Lakini kabla ya Karagöz kuvuma Istanbul, mchezo huo ulikwisha kuwa na bingwa wake katika mji wa Cairo, na khabari zake ndizo ninazotaka kuwasimulia leo. Jina lake Shamsuddin Muhammad bin Daniyal, na kazi iliyompa mkate ilikuwa ni utabibu wa macho.

Ibn Daniyal alizaliwa Mosul, nchi ya Iraq, mnamo mwaka 1248. Alikuwa mtoto wa miaka kama 10 Wamongolia walipouteka Baghdad mwaka 1258 na kumwua Khalifa. Mwaka 1262 Mosul nao ukaangukia mikononi mwao. Kijana huyu akashika njia ya Misri kama walivyofanya wakimbizi wengi wa zama zile, akaingia Cairo mnamo mwaka 1267, umri wake miaka 19 hivi.

Mtawala wa Misri alikuwa Sultani Baybars, ambaye wakati huo alikuwa amepiga vita ulevi, bangi na ufisadi. Mitungi ya mvinyo ilivunjwa, na nyumba za anasa zikafungwa. Ibn Daniyal akafungua duka lake la dawa za macho karibu na lango la Bab al-Futuh, akawa anatibu watu huku akiwachekesha. Alipoulizwa khabari ya kazi yake alijibu kwa shairi la mzaha, kwamba riziki yake huitoa machoni mwa watu. Kwa Kiarabu maneno hayo yana maana ya pili: kuwa watu humlipa kwa kinyongo.

Waandishi wa zamani wamehifadhi kisa chake kimoja kinachonifurahisha sana. Al-Ashraf Khalil, kabla hajawa Sultani, alimpa farasi. Siku chache baadaye akamwona amepanda punda kiguru, akamwuliza farasi yuko wapi. Tabibu akamjibu kwamba amemwuza, akaongeza na pesa zake mwenyewe juu, ndipo akaweza kumnunua punda yule. Yule mkubwa akacheka. Na wasikilizaji wakafahamu kuwa mtu anaweza kupewa farasi asipewe cha kumlisha.

Sasa tuutazame mchezo wenyewe. Sote tulipokuwa wadogo tumewahi kukaa mbele ya kandili tukafanya sungura na ndege kwa vidole ukutani. Mchezo wa vivuli wa Misri ulikuwa ndio huo, ila umekomaa. Picha za watu, wanyama na marikebu hukatwa kwa ngozi, zikatobolewa matundu na kutiwa rangi, kisha zikafungwa vijiti. Shuka nyeupe hutandazwa, na taa huwekwa nyuma yake. Mchezaji husimama baina ya taa na shuka, akazigandamiza picha kwenye nguo, nao watazamaji walio gizani upande wa pili huona vivuli vyenye rangi vikienda na kusema. Wasaidizi huweza kuwapo, lakini roho ya mchezo ni mtu mmoja: mikono yake miwili, na sauti yake igeuzwayo mara bibi kizee, mara askari, mara ngamia. Mchezo ukiisha, picha hukunjwa pamoja na shuka, mzigo mdogo tu, na kesho huchezwa mtaa mwingine.

Kazi kama hii watu wa elimu waliidharau. Basi siku moja rafiki wa Ibn Daniyal, mchezaji aliyeitwa Ali bin Mawlahum, alimlalamikia kuwa watu wamechoka kwa kuoneshwa yale yale. Tabibu wetu hakumcheka. Alikaa akamwandikia michezo mitatu kwa nathari na mashairi, na akamweleza namna ya kuzitengeneza picha na kuiangaza shuka kwa mishumaa.

Mchezo wa kwanza, Tayf al-Khayal, unamhusu mwanajeshi aitwaye Amiri Wisal. Ndani yake yamo maombolezo ya kifo cha Iblisi, aliyekufa kwa huzuni baada ya Baybars kumharibia biashara! Wisal anaamua kutubu na kuoa, lakini mshenga anamletea bibi arusi ambaye shela ilipoinuliwa ilimtoa mbio. Mwishowe anaazimia kwenda kuhiji. Mchezo wa pili, Ajib wa Gharib, ni soko zima likipita mbele ya taa: mwenye nyoka, muuza hirizi, mpiga falaki, mfuga simba, mmeza panga, kila mmoja na maneno ya kazi yake. Wa tatu, al-Mutayyam, ni wa mtu aliyepumbazwa na mapenzi, na ndani yake wamo majogoo, kondoo na mafahali wakipigana. Karamu inaandaliwa, wageni wanakula na kunywa, na ghafula Malaika wa Mauti anabisha hodi. Mwenye karamu anatubu, anakufa.

Sitawaficha: mna maneno mengi humo yasiyoweza kupigwa chapa katika ukurasa huu. Ndiyo maana wengine waliuita mchezo wa vivuli upuuzi mtupu. Lakini walikuwapo walioutazama kwa jicho jingine. Ibn al-Farid, mshairi mkubwa wa Kisufi wa Cairo aliyefariki mwaka 1235, aliufanya mfano wa dunia. Na inasimuliwa kuwa Sultani Salahuddin alipomwonesha Kadhi al-Fadil mchezo huo, kadhi alitaka kuondoka, akabaki kwa heshima tu. Ulipokwisha alisema kuwa amepata mawaidha makubwa: ameona dola zikija na dola zikipita, na pazia lilipokunjwa, mwendeshaji kumbe ni mmoja.

Ibn Daniyal alifariki Cairo mwaka 710 wa Hijra, sawa na mwaka 1310. Mchezo uliendelea baada yake, ukawa mara unapendwa, mara unapigwa vita. Mwaka 1451 Sultani Jaqmaq aliamuru picha za wachezaji zichomwe moto. Mwaka 1517 Sultani Selim wa Waturuki, baada ya kuiteka Misri, aliutazama akapendezwa, akamtunza mchezaji na kumtaka afuatane naye Istanbul ili mwanawe naye auone.

Ngozi huungua, na sauti ya mchezaji hufa pamoja naye. Kwa hiyo katika michezo ya vivuli ya Waarabu wa zama hizo, maneno yaliyotufikia ni ya Ibn Daniyal peke yake, kwa sababu yeye aliyatia katika karatasi. Nakala zake zilihifadhika Istanbul, Cairo na Escorial kule Hispania. Mtaalamu wa Kijerumani, Paul Kahle, ambaye mwaka 1909 alipata picha kongwe za ngozi huko Menzala nchini Misri, aliishughulikia michezo hiyo hadi alipofariki mwaka 1964. Ilipigwa chapa kamili mwaka 1992, karibu miaka 700 baada ya kuandikwa.

Ninapoyafikiri haya nawakumbuka wachekeshaji wetu wa arusini na barazani, wanaokusanya umati kwa ulimi na mikono yao tu. Twawacheka, twawatunza, kisha tunaondoka. Ali bin Mawlahum alikuwa na bahati ya kuwa na rafiki mwenye kalamu. Wetu ni nani atakayewaandikia?