Baroni Empain na reli iliyopita ng'ambo

Ninyi mnaoshinda ndani ya shimo kule Namoya, na ninyi mama mnaowangoja nyumbani Kabambare na Kasongo: mara nyingi tunaulizana juu ya nini chumvi, sabuni na bati za nyumba zinakawia hivi kufika kwetu. Sehemu moja ya jibu iko ndani ya maisha ya mzungu mmoja aliyekufa zamani. Jina lake Édouard Empain. Njo yeye aliyejenga reli ya Kindu mpaka Kongolo.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852, Belœil, katika nchi ya Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na nyumbani hapakuwa mali mingi. Kijana alianza kazi kwa kuchora michoro katika kampuni ya vyuma, akasoma kazi mpaka akawa injinia. Aliona kwamba reli kubwa za Ubelgiji zinapita mbali na vijiji. Akaanza kujenga reli ndogo za kuunganisha vijiji na masoko, kisha tramu katika miji mikubwa. Mwaka 1881 akafungua benki yake mwenyewe, ili asiwe anaomba feza kwa wengine kila mara.

Paris ilipotaka treni ya kupita chini ya ardhi, kampuni yake njo ilipata kazi. Njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900. Ninyi wachimbaji mnajua kuchimba shimo chini ya nyumba za watu ni kazi gani. Kule waliichimba, na hata leo mamilioni ya watu wanapanda treni ile.

Wakati ule Kongo ilikuwa ya mfalme Leopold wa pili. Mfalme alikuwa na shida: mto Lualaba hauendi na mashua mpaka mwisho. Juu ya Kisangani kuna maporomoko, mashua haiwezi kupita. Ukifika Kindu, mbele yake tena mawe na mayi makali, mpaka ile fasi karibu na Kongolo ambayo Wazungu waliiita Milango ya Jehanamu. Empain akasema dawa ni kujenga reli kwa vipande: pale mto unapokataa, treni inapita; pale mto unapokubali, mashua inapita. Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, CFL. Kipande cha Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, kiliisha mwaka 1906. Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, treni ilianza kupita mwaka 1911. Kabalo mpaka Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, ilikuwa tayari mwaka 1915. Waliofyeka pori na kubeba vyuma walikuwa wababu zetu. Majina yao hayako kwenye stasio hata moja.

Lakini Empain hakuwa mutu wa kutegemea tiketi za wasafiri peke yake. Mbele ya kuweka chuma cha kwanza, aliandikisha mapatano. Dola ilimhakikishia faida ya feza yake, ikampa hektari milioni 4 za ardhi na pori, pamoja na haki ya kutafuta madini. Mwaka 1907 mfalme akamfanya baroni. Mwaka 1923 haki zile za madini zikazaa kampuni ya MGL, ambayo wazee wetu waliijua vizuri. Mwaka 1976 MGL na wenzake wakaunganishwa kuwa Sominki, na dhahabu ya Namoya ikawa mkononi mwa Sominki. Kumbe shimo unalochimba leo ni mjukuu wa reli ile.

Sasa tutazame mji wetu. Zamani za Tippu Tip, kabla ya askari wa Dhanis kuingia mwaka 1893, Kasongo ilikuwa kichwa cha Maniema yote, na mashamba yake na biashara yake. Reli ilipokuja, ilipita upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo iko upande wa mashariki. Kabambare iko mbali zaidi. Basi Kindu, fasi treni na mashua zinapokutana, ikakua, na leo ni mji mkuu wa jimbo. Mtu wa Kasongo anavuka mto kwanza, halafu anakwenda kungoja treni Samba. Reli haikuua mji wetu, lakini iliutoa njiani.

Na hapa njo tunashangaa. Tangu mwaka 1905 Empain alikuwa anajenga mji mzima kule Misri, katika jangwa pembeni ya Kairo. Jina lake Heliopolis. Alinunua mchanga mtupu, hapakuwa hata mti. Alivuta tramu kutoka Kairo, akaleta mayi, umeme na barabara pana, nyumba za wakubwa na nyumba za wafanyakazi, kanisa na msikiti. Watu wakaja, jangwa likawa mji. Maana yake alijua vizuri sana kwamba njia njo inazaa mji. Kule alileta njia kwa ajili ya watu watakaokaa. Kwetu alileta njia kwa ajili ya vitu vitakavyoondoka.

Alikufa tarehe 22 Julai 1929 kwao Ubelgiji, na maiti yake ikapelekwa Heliopolis, ikazikwa ndani ya kanisa alilolijenga. Miaka 10 nyuma yake, 1939, daraja la Kongolo likavuka Lualaba na reli ikafika Kabalo.

Hatumsifu, hatumtukani. Tunachukua somo moja tu kwake: aliandika mapatano mbele ya kazi, si nyuma. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatupa sisi pia kalamu. Kampuni yenye kuchimba inapashwa kuandikiana mapatano na wakaaji wa pale, na kwa kila franka 1,000 za mauzo, 3 zibaki kwa maendeleo yao. Tena katika ushuru wa madini, sehemu 15 kwa 100 ni ya mtaa au sekta ambapo madini yanatoka. Basi wakati wa kuandika ukifika, tusiombe fulana na mpira wa kuchezea. Tuombe daraja na barabara. Dhahabu ikiisha, wenye kununua wataenda. Daraja halina miguu.