George Anyona na Karatasi ya Waziri

Kila jioni matatu yangu ya kutoka mjini hupita Dagoretti Corner, na makanga wa pale wana kelele si mchezo. Ni hapohapo, katika baa moja, ambapo polisi walimkamata George Moseti Anyona na wenzake mnamo tarehe 11 Julai 1990.

Marehemu Anyona alizaliwa Ugusii mwaka 1945. Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Kitutu Mashariki, kijana mwenye mdomo usioogopa wakubwa. Mwaka 1977 alidai Bungeni kwamba zabuni ya mabehewa ya reli ilikuwa na upendeleo. Kabla mambo hayajapoa alikuwa kizuizini, bila kesi! Alitoka Desemba 1978.

Mwaka 1982 yeye na Mzee Jaramogi Oginga Odinga walitaka kuanzisha chama cha pili. Serikali ikabadilisha Katiba upesi, KANU ikabaki peke yake kisheria, naye Anyona akarudishwa ndani.

Hapa nataka tusimame kidogo. Sheria ilikuwa na mlango mmoja kwa mtu wa namna hii, nao huitwa habeas corpus. Wakili huenda Mahakama Kuu na kuomba aliyemshika mtu amlete mbele ya jaji, aeleze amemshika kwa sheria gani. Kwa mahabusu wa kawaida ombi hilo lina nguvu. Kwa mtu wa kizuizini, wapi! Serikali ilileta karatasi iliyotiwa sahihi na Waziri, na basi. Katika kesi ya Ooko mwaka 1966, Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuchunguza kama Waziri alikuwa na sababu za kutosha. Kwa hivyo jaji alitazama karatasi, hakutazama ukweli. Wakili wa Anyona, Bwana John Khaminwa, naye alitiwa kizuizini mwaka huohuo. Mimi niliposoma hivyo nilicheka, halafu nikanyamaza. Sasa wakili atatetewa na nani?

Anyona aliachiliwa mwaka 1984. Baada ya kukamatwa Dagoretti alishikiliwa Nyayo House, lile jumba refu katikati ya jiji ambako watu hupanga foleni za pasipoti, huku vyumba vya mateso vikiwa chini yao. Safari hii alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka 7 pamoja na wenzake 3. Walitoka mwaka 1992.

Mwaka huohuo aligombea urais, akashindwa vibaya, lakini watu wa Kitutu Masaba walimrudisha Bungeni. Alikuwa bado Mbunge mwaka 1997, wakati Bunge lilipoondoa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Alifariki katika ajali ya gari Novemba 2003.