Az-Zahrawi: Mpasuaji aliyejua wakati wa kukiweka kisu chini

Ijumaa hii tunamkumbuka Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Albucasis. Alinasibishwa na mji wa Madinat az-Zahra, karibu na Cordoba, na alifariki yapata mwaka 1013.

Baada ya miaka mingi ya kuwatibu watu, aliandika kitabu cha At-Tasrif chenye makala 30. Makala ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya ala zipatazo 200. Katika dibaji yake anasimulia msiba alioushuhudia. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata ateri asizozijua, damu ikabubujika hadi mwanamke yule akaanguka akafa. Kwa hiyo az-Zahrawi akashurutisha kwamba asishike kisu ila aliyesoma maumbile ya mwili, akaijua mishipa ya fahamu na mishipa ya damu, inayopiga na isiyopiga.

Sharti hilo alilitimiza yeye mwenyewe. Uvimbe wa mshipa wa damu uliotanuka aliupima kwa kidole. Ukiwa mrefu, umezama ndani na unatetema, ni wa ateri. Ukiwa wa duara na karibu na ngozi, ni wa vena. Uvimbe mkubwa wa ateri, hasa wa shingoni, kwapani au kinenani, alikataza usiguswe kwa chuma. Kwa kipandauso sugu kilichoshinda dawa, alieleza namna ya kuifunua ateri ya panjani na kuikata, na jinsi ya kuizuia damu yake, ikiwemo kuufunga mshipa kwa uzi imara.

Hata uso uliopooza hakuutibu kabla ya kuuchunguza. Aina moja aliichoma kwa chuma cha moto. Ile aliyoona imetokana na ukavu na kukakamaa kwa mishipa ya fahamu alionya isichomwe. Na kuhusu watoto waliojaa maji kichwani, aliandika bila kuona haya kwamba wote aliowaona walifariki upesi, basi akachagua kutowapasua.

Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri makala hiyo kwa Kilatini mjini Toledo, nayo ikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Leo tunajua kwamba jozi 12 za mishipa ya fahamu hutoka katika ubongo, na kwamba ateri inayougandamiza mmoja wao yaweza kuleta maumivu makali ya uso. Mashine za picha huonyesha kisichofikiwa na kidole, na kule kuchoma uso kumeachwa. Lakini sharti la az-Zahrawi lingalipo: mkono usitangulie elimu, na kujizuia mahali pa hatari ni sehemu ya tiba. Mwenyezi Mungu amrehemu.