Chema hakijiuzi: Maisha ya Brian Epstein

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanisamehe, lakini kwa upande wa muziki sijawahi kuiamini methali hii. Sababu yangu ni mtu mmoja ambaye hakuwa mwimbaji wala mpiga gita: Brian Epstein.

Ukitaja bendi za Uingereza za miaka ya sitini, watu watakuhesabia Beatles, Rolling Stones, Animals, Kinks na The Who. Jina la Epstein hutalisikia. Nami nasema, bila yeye hadithi hiyo ingekuwa nyingine kabisa.

Alizaliwa Liverpool tarehe 19 Septemba 1934, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na biashara ya fanicha. Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Alihamishwa shule baada ya shule, akaacha masomo akikaribia miaka 16, jeshini akaondolewa kabla ya muda wake, na chuo cha uigizaji cha RADA jijini London hakukimaliza. Akarudi nyumbani, akakabidhiwa idara ya santuri katika duka la familia. Hapo nyota yake iking'aa. Alikuwa na sikio la kutambua wimbo utakaonunuliwa.

Adhuhuri ya tarehe 9 Novemba 1961 alitembea hatua chache kutoka dukani hadi klabu ya Cavern, chumba cha chini ya ardhi kilichojaa joto na jasho. Jukwaani walikuwa vijana wanne wenye makoti ya ngozi, wakila, wakivuta sigara na kutaniana kati ya wimbo na wimbo. Mwingine angeona wahuni tu. Epstein alivutiwa nao. Januari 1962 wakakubaliana awe meneja wao, ingawa hakuwa amewahi kusimamia bendi yoyote.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niitilie shaka methali yetu. Vijana wale walikuwa hodari, lakini walipofanyiwa majaribio na kampuni ya Decca siku ya Mwaka Mpya 1962, walikataliwa. Epstein akabeba kanda zao akibisha mlango baada ya mlango jijini London, hadi alipofika kwa George Martin wa Parlophone, tawi la kampuni ya EMI. Wakati huohuo aliwavisha suti, akawakataza kula jukwaani na kuwazoeza kuinama pamoja kila wimbo unapoisha. Wapo wanaosema aliwafuga. Mimi naona aliwaingiza sebuleni, na sebuleni runinga ilikuwa ya wazazi.

Kisha ikaja Marekani, soko ambalo wasanii wa Uingereza walikuwa hawajaliweza. Epstein alikubali malipo madogo ya kipindi cha Ed Sullivan, dola 10,000 kwa maonyesho matatu, lakini akashikilia kwamba vijana wake ndio wawe wageni wakuu. Tarehe 9 Februari 1964 waliwatazama watu wapatao milioni 73. Kufikia tarehe 4 Aprili, nyimbo zao zilishika nafasi zote tano za kwanza kwenye chati ya Billboard. Mlango ukishafunguliwa, wakapita Animals, Kinks na Rolling Stones. Kampuni zilizozoea kumchagulia mwimbaji wimbo zikaanza kutafuta bendi zinazojitungia zenyewe.

Lakini sitamfanya malaika. Kwenye mikataba alipwaya. Mkataba wa kwanza na EMI uliwapa peni moja kwa kila santuri ya wimbo, wagawane wanne. Haki za kuuza wigi, wanasesere na fulana zenye jina lao zilipewa wafanyabiashara waliojiwekea asilimia 90 ya mapato, na makubaliano yaliporekebishwa pesa nyingi zilikuwa zimeshakwenda. Hakuwa mwizi. Alikuwa mwaminifu asiyejua bei ya alichokishika.

Nafsini mwake pia hakuwa na utulivu. Alivutiwa na wanaume wenzake, na sheria ya Uingereza ya wakati ule ilihesabu hilo kuwa jinai. Aliishi kwa siri, akatishwa na watu waliotaka pesa ili wanyamaze, na usingizi akautafuta kwenye vidonge. Agosti 1966 Beatles waliacha ziara, na kazi aliyoipenda zaidi ikapungua. Sheria ile ilibadilishwa tarehe 27 Julai 1967. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 27 Agosti, alikutwa amefariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 32. Uchunguzi uliamua kuwa ni ajali ya dawa za usingizi. Haikutimia miaka mitatu Beatles wakasambaratika, wakizozana kuhusu nani asimamie mali zao.

Liverpool ilimsimamishia sanamu mwaka 2022, karibu na lilipokuwa duka lake.

Kila nikisikia kijana wa hapa Pwani akiimba vizuri harusini na kuambiwa asubiri bahati yake, humkumbuka Epstein. Kipaji kinahitaji mtu wa kukiamini na kubisha milango. Ila mtu huyo akipatikana, awe na wakili wa kumsomea mkataba kabla kalamu haijagusa karatasi.