Maria Goeppert Mayer na Ngazi za Kiini

Walimu wa fizikia wa Kibera na Kawangware, hasa wa zile shule za jamii ambazo mshahara wake mara nyingi huchelewa, wana haki ya kuyajua maisha ya Maria Goeppert Mayer.

Alizaliwa mwaka 1906 mjini Kattowitz, wakati huo Ujerumani na sasa Poland, akalelewa Göttingen, ambako alipata udaktari mwaka 1930. Mwaka uo huo aliolewa na mwanakemia Mmarekani, wakahamia Baltimore. Chuo kilimwajiri mume. Mke akaambulia kijungujiko. Hata Chicago, walikofika mwaka 1946, alikuwa profesa wa kujitolea, akilipwa na maabara ya Argonne kwa kazi ya nusu siku.

Hapo ndipo alipokishughulikia kiini cha atomu (neno tulilolichota kwenye yai, na linafaa). Ilijulikana kwamba viini vyenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126 ni imara kuliko jirani zao. Kwa nini? Fikiria nyumba za kupanga za Kawangware: orofa ikijaa, mpangaji mpya hana budi kupanda juu. Lakini hesabu za orofa hazikulingana na namba hizo, mpaka Enrico Fermi alipomdokezea swali: je, kujizungusha kwa chembe hakuhusiani na mzunguko wake ndani ya kiini? Mayer akakokotoa, namba zikakaa. Hans Jensen alifikia jibu hilo hilo Ujerumani, na mwaka 1963 wakashiriki Tuzo ya Nobeli pamoja na Eugene Wigner.

Mshahara kamili wa uprofesa aliupata California mwaka 1960, miaka 30 baada ya udaktari. Muda mfupi baadaye alipatwa na kiharusi. Alifariki mwaka 1972. Wapo wanaoyasimulia maisha haya kama sifa ya subira. Siafikiani nao: aliyenyimwa ujira hakupewa zawadi.

Kazi yake ingali inapimwa. Kiini kilichosisimuliwa hushuka ngazi kikitoa mionzi ya gama, na nishati ya mionzi hiyo hutuonyesha urefu wa kila kidato. Orofa ikiwa imejaa, kidato cha kwanza huwa kirefu. Magnesiamu-32 ina protoni 12 na nyutroni 20, namba ya uimara. Lakini kidato chake cha kwanza ni kiloelektronivolti 885 tu. Katika kiini kilicholemewa na nyutroni kiasi hicho, orofa ya 20 haifungi tena, na wapangaji huhamia juu kabla haijajaa.