Leo Fender, Fundi wa Redio Aliyeunda Gita

Hapa Busia ukimtaja Franco au D.O. Misiani, hata mama muuza omena pale sokoni atakuambia ni nani, na pengine akuimbie kidogo. Sasa mtaje Leo Fender uone. Utaulizwa kama ni mchezaji mpya wa Arsenal. Na bado nasema, bila huyu Mzungu muziki unaotukesha kila wikendi kutoka Malaba hadi Bumala usingekuwa na sauti tunayoijua. Nimechagua kuandika habari zake katika jarida la chama chetu kwa sababu moja kubwa: mtu huyu aliyeunda magita yanayojulikana dunia nzima hakujua kupiga gita. Utotoni alijifunza piano kidogo, akahamia saksafoni, basi. Alichokuwa ni fundi wa redio.

Jina lake kamili lilikuwa Clarence Leonidas Fender. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 karibu na mji wa Anaheim, jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe kwenye jicho la kushoto, likatolewa, akawekewa jicho la kioo. Aliishi na jicho moja hadi mwisho. Lakini hilo moja liliona!

Alikuwa na mjomba wake huko Santa Maria aliyekuwa na duka la kutengeneza umeme wa magari. Mjomba huyo alimtumia kijana sanduku la vipuri vya umeme, na Leo alipomtembelea alikuta redio ambayo mjomba alijiundia mwenyewe, imewekwa mbele ya duka, inanguruma mpaka barabarani. Sisi wa mpakani jambo hilo hatulishangai, maana ni duka gani la Busia lisilo na spika mlangoni? Lakini Leo hakulisahau. Aliporudi nyumbani akaanza kufungua na kufunga redio za watu.

Hapa ningependa wanafunzi wenzangu wa kidato cha nne wasikilize vizuri. Leo hakusomea uhandisi. Katika chuo cha Fullerton alisomea uhasibu, kisha akaajiriwa kuandika hesabu. Wakati huo Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930, na kazi zilikuwa zikiyeyuka. Yake nayo ikayeyuka, na wakati huo alikuwa tayari ameoa. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Vitabu vya hesabu vikawekwa kando.

Ukitaka kujua maisha yake dukani yalikuwaje, nenda kwa fundi yeyote wa redio hapa mjini, ambaye siku hizi hutengeneza simu zaidi. Utamkuta amezungukwa na vyombo vilivyokufa, kila kimoja kimefunguliwa tumbo. Fundi wa aina hii ana elimu ambayo hata mwenye kiwanda huenda hana: anajua ni kitu gani huharibika kwanza. Leo Fender alikaa miaka akitengeneza redio, akikodisha vipaza sauti kwa mikutano, na kupokea wanamuziki waliomletea amplifaya zilizoungua na magita yaliyogoma kulia. Kila kilichovunjika kilimfundisha. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja hakuchukuliwa jeshini kwa sababu ya lile jicho, akabaki dukani.

Mwaka 1945 aliungana na mwanamuziki mmoja, Doc Kauffman, wakaanza kuunda magita madogo ya umeme, yale ya kulazwa mapajani. Kauffman aliogopa madeni, akajitoa mwaka uliofuata. Simlaumu. Leo akaendelea, akaita kampuni kwa jina lake, Fender. Mshike jina hilo, tutalirudia.

Hebu sasa nieleze gita la umeme linavyofanya kazi, mwalimu wetu wa Fizikia naye apate lake. Nyuzi ni za chuma. Chini yake kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana hutokea katika waya. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, na spika inaugeuza kuwa sauti. Shida ilikuwa tumbo la gita. Gita la kawaida lina tumbo wazi kama debe. Ukiongeza sauti, tumbo hilo linapokea tena kelele za spika, linatetemeka, linarudisha, na ghafla jukwaa zima linapiga mluzi wa kuumiza masikio. Nani hajausikia katika mikutano ya hadhara?

Dawa yake ni kuondoa tumbo. Si Leo aliyekuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo, na wanaosema hivyo wanamzidishia sifa. Les Paul alikuwa amekwisha kujaribu kutumia gogo la mbao, na fundi Paul Bigsby alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gita la ubao mtupu mwaka 1948. Lakini hayo yalikuwa ya mmoja mmoja. Leo alifikiri kama fundi wa duka. Mwaka 1950 alitoa gita la ubao uliokatwa bapa, na shingo yake haikugundishwa kwa gundi kama desturi ya mafundi wakubwa, bali ilifungwa kwa skrubu nne. Skrubu nne tu! Shingo ikipinda au ikivunjika, unachukua bisibisi, unaitoa, unaweka nyingine, unarudi jukwaani. Mafundi wa zamani walilicheka. Lakini fikiria bendi inayotoka Kampala, imekwama Malaba usiku kati ya malori, na gita limevunjika shingo. Hapo gita la gundi lina faida gani?

Mimi hulilinganisha na boda boda. Chombo hicho kilianza hapa hapa mpakani, baiskeli za kubeba watu na mizigo kutoka kituo hiki cha forodha hadi kile, na jina lake limetokana na neno border. Hakikuwa chombo kizuri cha kutazamwa. Kilikuwa chombo ambacho mtu wa kawaida angeweza kukinunua, kukitumia na kukitengeneza chini ya mti. Sasa kiko kila mahali.

Jina la gita hilo lilileta kisa kidogo cha kuchekesha. Lilipoitwa Broadcaster, kampuni ya Gretsch, iliyouza ngoma kwa jina linalokaribiana, ikalalamika. Kwa hiyo mwaka 1951 wafanyakazi wa Fender walichukua makasi, wakakata jina kwenye vibandiko, magita yakauzwa bila jina la aina yake. Baadaye likaitwa Telecaster, kwa kuwa televisheni ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Yale yasiyo na jina leo hutafutwa na matajiri kwa bei ya kutisha. Kumbe makasi nayo huongeza thamani!

Lakini kwetu sisi, kazi yake kubwa naona ilikuwa ile ya mwaka huo huo wa 1951: gita la besi la umeme. Kabla yake besi ilikuwa lile fidla kubwa la kusimamiwa, refu kuliko mpigaji, ambalo halikusikika kelele zikizidi na kulibeba safarini ni adhabu. Leo alilipunguza, akalifanya gita la nyuzi nne la kuning'iniza shingoni, akalitia vyuma vinavyoonyesha kila sauti inapokaa ili mpigaji asikosee. Ndiyo maana likaitwa Precision. Sasa iondoe besi katika benga uone kitakachobaki. Solo inakimbia, lakini ni besi inayobishana nayo, inayodunda mpaka kifua kinaitika. Na rumba ni hivyo hivyo. Samba Mapangala na wenzake waliunda Les Kinois wakiwa Uganda, wakafika Nairobi mwaka 1977, na barabara ya Kampala kwenda Nairobi, kama tujuavyo, hupitia kwetu. Nikiangalia ile barabara huwa nawaza ni magita mangapi yameivuka.

Mwaka 1954 akatoa Stratocaster. Wanamuziki walilalamika kwamba kona za Telecaster ziliwachoma mbavuni, naye akawasikiliza, akakata ubao upate kulala vizuri tumboni. Jimi Hendrix, aliyetumia mkono wa kushoto, aliligeuza juu chini na kulipiga hivyo hivyo. Umbo lake limeigwa mno: magita mengi ya makanisani mwetu, hata yasiyo na jina la Fender, yana umbo hilo.

Sasa nafikia sehemu inayonisumbua. Leo alikuwa akisumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa pua na paji la uso usiopona. Alipoona afya inazidi kuzorota, mwaka 1965 aliiuza kampuni kwa shirika la redio na televisheni la CBS kwa dola milioni 13. Aliuza mashine, majengo, miundo, na jina. Kisha mwaka 1968 akabadilisha daktari, akapewa dawa kali, akapona! Akawa mzima wa afya, tajiri, lakini hana ruhusa ya kuandika Fender juu ya gita aliloliunda mwenyewe. Jina la baba yake likawa mali ya watu wengine. Wapo wasemao alipata fedha za kutosha, amlilie nani? Mimi sikubaliani nao. Wanamuziki wengi walinung'unika kwamba magita ya wenye mali wapya hayakuwa kama yale ya kwanza, na vichwani mwa magita hayo lililosomeka ni jina lake. Mwaka 1985 CBS nao waliiuza kampuni hiyo kwa mameneja wake.

Yeye hakwenda kupumzika. Mwaka 1975 akawa mkuu wa kampuni ya Music Man, na kufikia 1980 alikuwa na nyingine, G&L, yaani George na Leo, pamoja na rafiki yake wa zamani George Fullerton, aliyechangia jina na mji bila kuwa mwenyewe wa mji. Kwa wakati huo Leo alikuwa mzee wa miaka 70, tena aliyefiwa na mkewe Esther. Akaoa tena, akaendelea kwenda kazini kila asubuhi, bado akibadilisha sumaku na waya.

Ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono, ulimpata fundi huyu aliyeishi kwa mikono. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Siku moja kabla alikuwa kiwandani. Chumba chake cha kazi huko G&L kilifungwa na kutunzwa kama alivyokiacha, vifaa vikiwa juu ya meza.