Jerry Lawson

Gerald Anderson Lawson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jerry Lawson (Brooklyn, New York, 1 Desemba 1940 – California, 9 Aprili 2011), alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuongoza utengenezaji wa Fairchild Channel F, mashine ya michezo ya video ya nyumbani iliyotoka mwaka 1976. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa ikiwa na kaseti za kubadilisha zilizobeba programu ya mchezo ndani yake.

Lawson alikuwa mmoja wa Wamarekani weusi wachache sana waliofanya kazi ya uhandisi katika viwanda vya elektroniki vya California wakati huo. Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe, lakini michezo mingi iliyotengenezwa na kampuni hiyo haikufika madukani wakati wake.

Maisha ya awali

Lawson alizaliwa Brooklyn na kukulia Queens, sehemu nyingine ya jiji la New York. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini aliyependa sana kusoma vitabu vya sayansi. Mama yake alikuwa mtumishi wa serikali ya jiji. Babu yake alisomea fizikia, lakini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi hakupata nafasi ya kufanya kazi katika fani hiyo, akaishia kufanya kazi ya posta.

Mama yake alifuatilia kwa karibu elimu ya mtoto wake. Aliichunguza shule kabla ya kumwandikisha, na akafikia hatua ya kuongoza chama cha wazazi na walimu ingawa wanafunzi wengi wa shule hiyo walikuwa weupe. Katika darasa la kwanza, mwalimu wake aliweka karibu na dawati lake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani, akimwambia kwamba naye anaweza kufika mbali. Lawson alipokuwa mtu mzima aliitaja picha hiyo kuwa chanzo cha nia yake ya kuwa mwanasayansi.

Akiwa na umri wa miaka 13 alipata leseni ya redio ya ridhaa, akajenga kituo chake cha kurushia mawasiliano nyumbani kwa vipuri alivyonunua kwa fedha zake. Alipokuwa kijana alijipatia kipato kwa kutengeneza televisheni za watu. Alisoma katika Queens College na City College of New York, lakini hakumaliza shahada katika chuo chochote kati ya hivyo. Sehemu kubwa ya ujuzi wake aliupata kwa kusoma mwenyewe na kwa kazi za mikono.

Kazi Fairchild

Baada ya kufanya kazi katika kampuni kadhaa za elektroniki na ndege, mwaka 1970 Lawson alijiunga na Fairchild Semiconductor huko California. Kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa waasisi wa teknolojia ya transista na saketi unganishi za silikoni. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wateja namna ya kutumia chipu za Fairchild katika vifaa vyao.

Katika miaka hiyo alikuwa pia mwanachama wa Homebrew Computer Club, klabu ya watu waliojitengenezea kompyuta majumbani. Wanachama wengine walikuwa Steve Wozniak na Steve Jobs, waanzilishi wa kampuni ya Apple. Wanachama weusi katika klabu hiyo walikuwa wawili tu, naye akiwa mmoja wao.

Katikati ya miaka ya 1970, Lawson alitengeneza katika gereji ya nyumba yake mchezo wa video wa kulipia kwa sarafu ulioitwa Demolition Derby. Ulitumia mikroprosesa ya Fairchild iliyoitwa F8, wakati ambapo michezo mingi ya namna hiyo iliundwa kwa saketi zisizo na programu. Ulijaribiwa kwa wateja katika mgahawa wa piza mjini Campbell, California, lakini haukuenea. Hata hivyo, wakuu wa Fairchild walipopata habari zake walitambua kwamba mtumishi wao anaijua kazi hiyo, wakamkabidhi shughuli ya michezo ya video ya kampuni.

Kutoka mfano wa majaribio hadi Channel F

Mashine za michezo za nyumbani zilikuwepo kabla ya Channel F. Magnavox Odyssey ilitoka mwaka 1972, ikitokana na mifano ya majaribio ya mhandisi Ralph Baer. Mwaka 1975 Atari ilileta mashine ya nyumbani ya mchezo wake wa Pong. Tatizo lilikuwa kwamba michezo ilifungwa ndani ya saketi za mashine. Odyssey ilikuwa na kadi za kuchomeka, lakini kadi hizo hazikuwa na programu. Zilibadilisha tu miunganisho ya nyaya zilizokuwemo tayari. Mtu aliyechoshwa na michezo ya mashine yake hakuwa na njia nyingine ila kununua mashine mpya.

Wazo la kuweka programu ya mchezo katika kifaa kinachochomolewa lilifanyiwa kazi kwanza na Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex Computer Corporation huko Connecticut. Walijenga mfano wa majaribio uliotumia mikroprosesa ya Intel 8080, kisha wakatafuta kampuni kubwa ya kuuendeleza. Fairchild ilipoonyeshwa kifaa hicho, Lawson alikuwa miongoni mwa waliotumwa kukikagua. Aliona kwamba wazo ni zuri, ila kifaa chenyewe kilikuwa bado hakifai kuuzwa kwa familia. Fairchild ikapata leseni ya kutumia teknolojia hiyo, na Lawson akawekwa kuongoza uhandisi wa mradi.

Umbali kati ya mfano wa majaribio na bidhaa ya dukani ulikuwa mkubwa. Kwanza, mikroprosesa ya Intel ilibadilishwa na kuwekwa F8 ya Fairchild yenyewe. Pili, kaseti ilipaswa kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi na watoto bila miguso yake kuchakaa na bila umeme tuli kuiharibu chipu. Hapakuwa na bidhaa ya nyumbani ya kuiga katika jambo hilo. Lawson alishirikiana na Ron Smith, aliyeshughulikia sehemu za kimakanika, na Nick Talesfore, aliyebuni umbo la mashine na la kaseti. Matokeo yake yalikuwa kisanduku cha plastiki cha rangi ya manjano kilichoingia mashineni kama kaseti ya muziki inavyoingia katika redio.

Tatu, mashine ilitakiwa kupita vipimo vya Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC), ambayo ilizuia vifaa vya nyumbani visitoe mawimbi yanayoingilia televisheni na redio za majirani. Saketi za mashine zikafunikwa kwa chuma, na kila kaseti mpya ilihitaji kupimwa na kuidhinishwa.

Mashine ilitolewa Novemba 1976 kwa bei ya dola 169.95, na kila kaseti iliuzwa kwa dola 19.95. Mwanzoni iliitwa Video Entertainment System, kisha ikapewa jina la Channel F, herufi F ikiwakilisha neno la Kiingereza fun, yaani furaha. Ndani yake kulikuwa na michezo miwili, wa tenisi na wa hoki. Mingine ilinunuliwa katika kaseti zilizopewa namba. Ya kwanza ilikuwa na michezo ya kulenga shabaha, kuchora, na kupanga alama tatu mstarini. Kidhibiti chake kilishikwa mkononi, na kichwa chake kiliweza kusukumwa pande nane, kuzungushwa, kuvutwa na kubonyezwa. Kulikuwa pia na kitufe cha kusimamisha mchezo kwa muda kisha kuuendeleza, jambo ambalo leo linaonekana la kawaida lakini wakati huo lilikuwa jipya katika mashine za nyumbani.

Ushindani na Atari

Channel F haikutawala soko kwa muda mrefu. Septemba 1977 Atari ilitoa mashine yake yenye kaseti, Video Computer System, iliyokuja kuitwa Atari 2600. Atari ilikuwa na michezo mingi iliyokwisha pendwa katika kumbi za burudani, na mwaka 1980 kaseti ya Space Invaders iliongeza sana mauzo yake. Fairchild ilikuwa kwanza kampuni ya chipu, na haikuwekeza katika michezo kwa kiwango hicho. Mwaka 1979 iliuza shughuli hiyo kwa kampuni ya Zircon. Kwa jumla Channel F ilipata kaseti 26 zilizopewa namba.

Hivyo wanunuzi wengi waliijua kaseti kupitia Atari, na jina la Lawson halikusikika. Sababu nyingine ni kwamba alikuwa mtumishi wa kampuni: sanduku la mashine lilibeba jina la Fairchild, si la wahandisi wake.

Videosoft na michezo isiyotolewa

Mwaka 1980 Lawson aliondoka Fairchild na kuanzisha kampuni yake, Videosoft, iliyoandika programu kwa ajili ya Atari 2600, mashine ileile iliyoishinda Channel F. Bidhaa ya Videosoft inayojulikana kufika sokoni kwa jina lake haikuwa mchezo hata kidogo. Ni kaseti ya Color Bar Generator, iliyoonyesha mistari ya rangi kwenye kioo ili mwenye televisheni aweze kurekebisha rangi zake. Ilikuwa kazi inayofanana na mtu aliyeanza maisha kama fundi wa televisheni.

Kampuni iliandaa pia michezo kadhaa ambayo ilibaki katika hali ya mifano ya majaribio. Mwaka 1983 soko la michezo ya video la Marekani liliporomoka. Maduka yalijaa kaseti zisizonunuliwa, bei zikashuka mno, na kampuni nyingi zikafunga au kufuta miradi yao. Michezo iliyokuwa imekamilika au kukaribia kukamilika ilikosa wa kuitoa. Videosoft nayo ilifungwa katikati ya miaka ya 1980.

Kwa kawaida mfano wa majaribio wa mchezo wa zama hizo ulihifadhiwa katika chipu inayoweza kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno na kuandikwa upya. Chipu hizo ziliwafaa waandishi wa programu, ambao walirekebisha kazi yao mara kwa mara, lakini hazikukusudiwa kudumu: chaji inayotunza data ndani yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Zilitengenezwa chache kwa kila mchezo, na nyingi zilitupwa au kuandikwa upya. Ndiyo maana wakusanyaji huzitafuta na kunakili data zake kabla hazijapotea. Baadhi ya michezo ya Videosoft iliokolewa kwa njia hiyo, miaka mingi baada ya kampuni kufungwa.

Miaka ya mwisho

Baada ya Videosoft, Lawson alifanya kazi ya ushauri wa kiufundi. Alishirikiana na mwanamuziki Stevie Wonder katika mradi wa saa ya kumwamsha mtoto kwa sauti ya mzazi wake. Saa hiyo nayo haikufikia hatua ya kuuzwa. Alisaidia pia kulea wanafunzi katika mpango wa ushauri wa Chuo Kikuu cha Stanford, na alikuwa akijiandaa kuandika kitabu kuhusu maisha yake.

Kuanzia takriban mwaka 2003 kisukari kilimdhoofisha: alipoteza uwezo wa kutumia mguu mmoja na kuona kwa jicho moja. Machi 2011 Chama cha Kimataifa cha Waendelezaji wa Michezo (IGDA) kilimtunuku kama mwasisi wa tasnia hiyo. Alihudhuria na kupokea heshima hiyo mwenyewe. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Aprili 2011, alifariki dunia kutokana na matatizo ya kisukari akiwa na umri wa miaka 70. Aliacha mke na watoto wawili.

Urithi

Lawson mara nyingi huitwa baba wa kaseti ya michezo ya video. Sifa hiyo inahitaji maelezo: wazo na mfano wa kwanza vilikuwa vya Kirschner na Haskel, na umbo la kaseti ni kazi ya Talesfore na Smith. Mchango wa Lawson ulikuwa kuongoza kazi ya kukigeuza kifaa cha mezani kuwa bidhaa ambayo familia yoyote ingeweza kuinunua, kuichomeka na kuitegemea. Bila hatua hiyo, kifaa cha Alpex kingeweza kubaki kama ilivyobaki michezo ya Videosoft.

Kaseti ilibadilisha pia biashara yenyewe. Mchezo ulipotenganishwa na mashine, kampuni zilizotengeneza michezo tu ziliweza kuanzishwa, na mashine za Nintendo na Sega ziliendelea kutumia kaseti hadi miaka ya 1990.

Makumbusho ya The Strong mjini Rochester, New York, yanaeleza habari za kazi yake. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilianzisha mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia wanafunzi weusi na wenyeji wa asili wa Marekani wanaosomea utengenezaji wa michezo. Tarehe 1 Desemba 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, Google ilimkumbuka katika ukurasa wake wa kwanza kwa michezo midogo ambayo wasomaji waliweza kuicheza na kuibadilisha wenyewe.